Dawa za Krismasi Huisha Aprili: Kisa cha Bibi Mmoja wa Mlimani Kilimanjaro

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka sabini na ushee, mjane, mkulima wa kahawa na ndizi. Anaishi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, upande wa juu wa Mlima Kilimanjaro, mashamba yanapoishia na msitu unapoanzia. Aligundulika ana presha siku wauguzi walipopita kupima waumini baada ya ibada ya Jumapili. Miaka kadhaa baadaye, mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea, aliamka mkono na mguu wa kulia havimtii, mdomo umekwenda upande. Alifika hospitali siku ya tatu. Uhai ulibaki, mkono haukurudi.

Ukisoma faili lake utamwona mtu mzembe: dawa hakumeza inavyotakiwa, kliniki aliruka, na alipoanguka akachelewa kuletwa. Mimi nilikuwa tabibu kwenye kituo cha afya kilichoko chini ya kijiji chake, kando ya lami, na nilimfahamu kabla ya kiharusi na baada yake. Jina lake, kijiji na hospitali naviacha. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba bibi huyu alifanya karibu kila alichoambiwa afanye, na bado huduma aliyoahidiwa ilimpita mbali.

Kwa karatasi alikuwa na haki zote. Serikali ilipoanza kuchangisha wagonjwa kwenye hospitali zake mwaka 1993, iliweka pia makundi ya kusamehewa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatamka kuwa mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sera ya Afya ya 2007 ikalirudia hilo. Halmashauri zikatoa vitambulisho vya matibabu vyenye picha, hospitali zikatenga dirisha la wazee na kubandika kibao cha kuwapisha mbele ya foleni.

Bibi alikipata kitambulisho, na si kwa urahisi. Ilitakiwa barua ya mtendaji wa kijiji, picha za pasipoti ambazo mpiga picha wake yuko mjini, na uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa hana. Kadi ya ubatizo iliungua pamoja na nyumba ya kwanza. Mtendaji akamuuliza Uhuru ulimkuta anafanya nini, naye akajibu alikuwa ameshaanza kupanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Mtendaji ni mtoto wa huko huko, anajua msichana anaanza kubeba majani akiwa na umri gani, akaandika mwaka.

Sasa tupige hesabu ya safari moja, kwa bei za wakati ule. Siku ya kliniki ya presha ni moja kwa wiki. Dirishani hulipii faili wala kumwona daktari, na hapo anaokoa kama shilingi 5,000. Hiyo ndiyo fedha ambayo serikali ilimsamehe. Lakini kufika dirishani lazima ashuke kwa bodaboda hadi lami, na hawezi kushuka peke yake kwa sababu goti moja limekwisha na jicho moja lina mtoto wa jicho. Kwa hiyo wanapakiwa wawili, mshikaki, yeye katikati na mjukuu nyuma: 5,000 kushuka, 6,000 kupanda kwa kuwa mlima unakula mafuta. Daladala ni 1,000 kwa kichwa, wawili, kwenda na kurudi, 4,000. Dawa aina mbili hazikuwepo dirishani mara nyingi kuliko zilivyokuwepo, akaandikiwa famasi: 9,000 kwa mwezi. Chai na maandazi 2,000, maana mzee aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hawezi kukaa na njaa mpaka saa nane. Jumla ni 26,000. Ng'ombe wake, akiwa anakamuliwa, anampa lita mbili za kuuza kwa siku kwa 1,000 lita. Ni fedha ya maziwa ya siku kumi na tatu, na mjukuu wa darasa la sita kakosa shule.

Msamaha, kwa maneno mengine, uliondoa sehemu nyepesi kuliko zote. Sijawahi kumsikia mzee wa kule juu akilalamikia ada ya kumwona daktari. Wanalalamikia boda.

Familia nayo haikumtupa. Ana watoto wanne walio hai: mmoja Dar es Salaam, mmoja Mwanza, wawili Arusha. Desemba wote hupanda mlimani, kama wanavyofanya Wachaga walio wengi, na yule wa Dar es Salaam huja na mfuko wa famasi: vidonge 90 vya amlodipini, dawa ya kushusha presha, na pakiti kadhaa za dawa ya kukojosha. Vidonge 90, kimoja kwa siku, kuanzia Krismasi, vinafika mwishoni mwa Machi. Ukivibania kidogo vinaingia Aprili. Na Aprili ndiyo mwezi ambao barabara ya udongo inageuka utelezi, boda wanapandisha bei au wanakataa kabisa, na watoto mjini wameshatumia kila walichokuwa nacho kwa ada za shule za Januari na safari yenyewe ya Desemba.

Nilikuja kuliona hili kwenye daftari lake. Huku wagonjwa wengi hawana kadi ya kliniki ya presha. Wana daftari la shule la kurasa 48, jalada lina picha ya mchezaji mpira, na kila tabibu anaandika chini ya mwenzake. La kwake lilikuwa nadhifu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Januari: 148 kwa 86. Februari: 146 kwa 84. Aprili na Mei: hakuja. Juni: 188 kwa 104, na mwenzangu kaandika kwa kalamu nyekundu, "Ahimizwe kutumia dawa." Mwaka uliofuata, mstari ule ule: Januari vizuri, Juni vibaya. Presha yake ilikuwa inafuata kalenda ya mvua na ya Krismasi, nasi tulikuwa tunaisoma kama ukaidi.

Hata hivyo, namna alivyomeza dawa haikuwa sawa, na ni vyema niliseme wazi. Nilimuuliza siku moja:

"Shikamoo bibi. Dawa unazitumiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kikianza kugonga nameza."

"Na kisipogonga?"

"Si imeshuka? Niimalize bure?"

Mtu ambaye kidonge chake kimetoka Dar es Salaam, na hajui cha pili kitatoka wapi, anakitunza. Alikuwa pia anaviazimisha. Jirani yake mwenye presha alikuja kuazima vitano kama anavyoazima chumvi, akarudisha vitatu. Bibi alinionyesha vile vitatu: vyeupe, vya duara, lakini si amlodipini. Sikuweza kuvitambua, nikamwomba asivimeze. Alivirudisha kwenye kopo. Kidonge ni kidonge, na wajukuu wanakuja na mafua.

Kwenye chakula tulishauriana zaidi kuliko kawaida, na hapo daktari wa mjini asingejua pa kuuliza. Chumvi alikuwa ameipunguza kweli. Lakini kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, hakipikwi bila magadi, na magadi yana sodiamu ile ile tunayoikimbia kwenye chumvi. Hakuna kipeperushi cha presha nilichowahi kukiona kinachotaja magadi. Vyote vinataja chipsi, soseji na vyakula vya makopo, vitu ambavyo bibi anaviona kwenye harusi.

Mita kama mia tatu kutoka kwake anaishi mwalimu mstaafu, umri wao haupishani sana. Wanakula ndizi zile zile, wanapanda mlima ule ule, na presha ya mwalimu ilianza juu kuliko ya bibi. Mwalimu yupo, anatembea, mwaka jana alikuwa mshereheshaji wa kipaimara. Tofauti yao kubwa ni kadi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ukikata asilimia 3 ya mshahara wa mtumishi na mwajiri akiongeza asilimia 3. Mwalimu alistaafu miaka michache baadaye akiwa ndani ya mfuko, na mwanachama aliyestaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake. Dawa zikikosekana hospitali, anachukua kwenye famasi yenye mkataba. Wala si tajiri; pensheni yake inaliwa na wajukuu kama za wastaafu wengine. Ila dawa ya mwezi haishindani na sukari ya mwezi.

Bibi naye alikatwa, tena kwa miaka mingi kuliko mwalimu. Kwa miaka mingi kahawa ya huku iliuzwa kupitia ushirika, hasa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, na kila kilo ilikuwa na makato yake: ya ushirika, ya ushuru wa halmashauri. Fedha za kahawa zilijenga shule, zikalipia wanafunzi, zikafungua barabara. Hakuna senti iliyokwenda kwenye matibabu ya mchumaji akizeeka. Tena kitabu cha ushirika kiliandikwa jina la mume. Yeye alipalilia, alichuma, alikoboa, alianika. Mume alipofariki na bei ya kahawa ilipoporomoka, hakukuwa na karatasi yoyote duniani inayoonyesha kwamba mwanamke huyu aliwahi kufanya kazi. Mpango wa bima unaoanzia kwenye hati ya mshahara utamkosa siku zote.

Sasa nifike kwenye zahanati, maana ndiko penye kiini cha kisa hiki.

Zahanati ya kijiji iko kilomita mbili kutoka kwake. Goti lake linaweza kilomita mbili, polepole, kwa fimbo. Kama dawa zake zingekuwepo pale, hesabu yote ya boda, daladala na famasi isingekuwepo. Zahanati ina muuguzi mwadilifu na tabibu mmoja. Ina chanjo kwenye jokofu, ina vidonge vya madini kwa wajawazito, ina vipimo vya haraka vya malaria na dawa yake ya mseto. Kule juu kwenye baridi malaria ni haba, lakini vipimo havikosekani. Dawa za presha hazikuwepo isipokuwa kwa bahati, na kipimo cha presha kilikuwa na mpira unaovuja hewa.

Sababu ya kwanza iko kwenye mwongozo. Kila dawa kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu ina herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ya bingwa. Ukiwa zahanati huruhusiwi kuagiza kila kitu, na hilo lina busara yake, hakuna anayetaka dawa kali mikononi mwa mtu asiye na kipimo. Lakini herufi inapanga dawa kwa kuangalia ujuzi wa mtoaji. Miguu ya mpokeaji haimo kwenye hesabu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na watu wa nje hawaioni. Zahanati huomba dawa kwa kuangalia ilizotumia na wagonjwa iliowahudumia kwenye mzunguko uliopita. Wagonjwa wa nje huandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, na kutoka hapo ndipo takwimu zinapanda kwenda wilayani. Mzee akija, akiambiwa dawa hakuna, hatarudi mwezi ujao. Atakaa nyumbani au atasubiri Desemba. Asiporudi haandikwi. Asipoandikwa, matumizi ya dawa ya presha ya zahanati ile ni karibu na sifuri. Mzunguko unaofuata anayejaza maombi anatazama sifuri ile na kuomba kidogo, au haombi, kwa sababu dawa zikiisha muda wake rafuni ataulizwa yeye. Mkaguzi akipita anakuta vitabu vinalingana. Kijiji chenye wazee wengi kinaonekana kwenye karatasi kama kijiji kisicho na presha.

Kijiji hicho hakiwezi kuwa tofauti na wenzake. Wilaya ya Hai, kwenye mlima huu huu, imefuatiliwa na watafiti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2009 hadi 2010 walipimwa huko wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, vijijini. Karibu asilimia 70 walikuwa na presha. Wengi hawakuwa wakijua, waliokuwa kwenye dawa walikuwa wachache, na ambao dawa zimewashusha hadi kiwango salama walikuwa wachache zaidi. Watu saba kati ya kumi, kwenye mojawapo ya maeneo ya vijijini yenye hospitali na barabara nyingi kuliko mengi ya Tanzania. Ukitaka kujua hali ya wilaya za pembezoni kama Kibondo au Tunduru, anzia hapo ushuke.

Hai hiyo hiyo ilishiriki kwenye mradi wa kuhesabu viharusi kati ya Juni 2003 na Juni 2006, sambamba na Dar es Salaam. Umri ukishasawazishwa, Hai ilipata kama viharusi 109 vipya kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Mjini ndiko wanakougua zaidi. Nalitaja kwa sababu mijadala yetu hupenda kusema kijijini kila kitu ni kibaya zaidi, na sivyo. Bibi kwa mwili wake, kazi zake na chakula chake alikuwa na nafasi nzuri kuliko mwanawe wa Dar es Salaam mwenye kitambi. Kilichomwangusha ni yaliyokuwa yanamzunguka baada ya presha kuingia.

Kwenye zahanati ile ile kuna jambo linaloonyesha kwamba yote haya yanawezekana. Wanaoishi na VVU wanachukua dawa pale. Wenye hali nzuri hupewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, wana kadi, wana tarehe, na asiyekuja anapigiwa simu au anafuatwa na mhudumu wa jamii. Mjamzito ana kadi ya kliniki, mtoto ana kadi ya kliniki, na kila mmoja ana kitabu chake cha MTUHA. Mfumo unajua anatarajiwa siku gani, kwa hiyo unajua akikosekana. Mzee wa presha hana anayemtarajia. Ni mgonjwa wa nje anayepita, hata akipita kwa miaka kumi. Mwanamke mmoja wa kijiji kile, ana VVU na ana presha pia, aliniambia dawa za kwanza anazipata kwa miguu na za pili kwa boda. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Tuje Mei. Mjukuu alimkuta asubuhi chini ya kitanda, anaongea maneno yasiyoeleweka. Akamwita jirani, yule wa vidonge. Jirani akasema ni upepo umempita, akatafuta mafuta, na mchungaji akaja kuomba. Sioni sababu ya kuwabeza. Walifanya lililokuwa karibu, na mchungaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema apelekwe hospitali. Simu zikapigwa kwa watoto, fedha zikaingia jioni. Siku ya pili mvua haikukatika na boda watatu walikataa kushuka na mgonjwa. Siku ya tatu alishushwa mshikaki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva, kijana wa jirani kamshika kwa nyuma.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya ubongo. Kwa mlimani hiyo ni habari ya nchi nyingine, na sitapoteza nafasi kuililia. Yaliyomuumiza yalikuwa madogo na yanazuilika. Siku mbili zile alilishwa uji kwa kijiko akiwa amelazwa chali, kwa upendo, na uji ukamwingia kifuani. Alifika na kiharusi na nimonia. Kama mtu mmoja tu kijijini angejua kwamba aliyepooza mdomo alishwe ameketi, au asilishwe kabisa, kifua kile kingepona. Elimu hiyo haihitaji daktari bingwa wala mashine.

Hospitali iliyokuwa karibu ni ya kanisa, kama zilivyo nyingi Kilimanjaro. Kitambulisho cha mzee cha halmashauri hakikufanya kazi pale: mkataba kati ya hospitali na halmashauri ulihusu mama na mtoto, wazee hawakuwemo. Bibi alilazwa kama mgonjwa wa kulipia. Binti yake alipelekwa kwa afisa ustawi kuomba msamaha, akaulizwa kazi yake, akajibu ana genge la mboga Arusha. Akaulizwa simu aliyoshika ni ya bei gani. Simu ya mtoto ikawa kipimo cha umaskini wa mama, na msamaha haukutoka. Hospitali yenyewe nayo ilikuwa inadaiwa na wagonjwa wengi kuliko inavyoweza kubeba, kwa hiyo simlaumu afisa kwa kubana. Ninachokataa ni kazi ya kupanga nani maskini kuachwa kwenye dawati, dakika kumi, mgonjwa akiwa wodini.

Bili ilipita laki nne. Ng'ombe akauzwa, kwa bei ya mtu mwenye shida. Pamoja naye zikaondoka lita mbili za kila siku, yaani ile fedha iliyokuwa inalipia safari ya kliniki. Ukichora deni la ugonjwa huu, usisahau kuandika ng'ombe.

Binti alifunga genge Arusha akarudi mlimani kumuuguza. Amefanya hivyo yeye, si kaka zake, na hakuna aliyejadili. Kaka wanatuma, kwa uaminifu. Yeye anageuza, anaosha, anabadilisha nguo, anafua. Pampasi za watu wazima alinunua mwezi wa kwanza, kisha akarudi kwenye vitambaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha mara moja wodini, akamwambia walete mgonjwa mara mbili kwa wiki, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya boda. Amefunga kamba kwenye boriti, bibi anajivuta nayo kwa mkono wa kushoto asubuhi na jioni. Ananyanyuka. Anafika mlangoni kwa kushikiliwa. Presha sasa iko chini, kwa sababu binti anahesabu vidonge mwenyewe na jirani haazimi tena. Ajira ya binti, kodi ya chumba chake, shule ya wanawe waliohamishwa katikati ya mwaka, hayo hayapo kwenye takwimu yoyote ya kiharusi.

Watu husema, basi bima ya afya kwa wote itayamaliza haya. Sheria yake ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na inatambua kwamba wasio na uwezo watalipiwa. Ni hatua kubwa, naiunga mkono. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, nayo ilikuwa hatua, 30,000 kwa kaya ya watu sita. Lakini bima hulipia kinachopatikana dirishani. Bibi alikuwa na msamaha ambao kwa matibabu ya serikali ni mzuri kuliko bima, na ukamfikisha pale ulipomfikisha. Kadi mpya ikimkuta kwenye zahanati isiyo na amlodipini itakuwa kadi ya pili kwenye mfuko wa nailoni.

Ningeanza na fedha mkononi. Zanzibar tangu 2016 inamlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi bila kuuliza simu ya mwanawe ni ya bei gani. Ilianza na 20,000, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Elfu ishirini kwa mwezi peke yake haifiki hesabu yetu ya 26,000, elfu hamsini inaivuka. Bara hatujafika huko. Wapo wanaosema haiwezekani kwa idadi yetu. Wafanye hesabu wakiweka na ng'ombe, genge na wodi.

La pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga zaidi ya 137,000 nchini, wawili kila kitongoji, mwanamke na mwanamume. Wakipewa kipimo cha presha kisichovuja na ruhusa ya kupeleka dawa ambazo tabibu ameshaziandika, kilomita mbili za zahanati zinakuwa sifuri. Wakiachiwa wajawazito na watoto pekee, kama ilivyo desturi yetu kila fedha inapokuwa ndogo, wazee watabaki palepale.

Kwenye kijiji hiki kuna jambo dogo lililofanyika, na halikusubiri waraka. Tabibu wa zahanati alichoka kujaza sifuri. Alikaa na mtendaji na mabalozi wa nyumba kumi, wakaandika majina ya wazee nyumba kwa nyumba, kisha Jumapili mbili wakapima presha nje ya kanisa kwa mashine ya kuazima. Orodha ile akaiambatanisha na maombi ya dawa: badala ya kuomba kwa waliokuja, akaomba kwa waliopo. Wilayani walimuuliza amewezaje kupata wagonjwa wengi hivyo kwa mzunguko mmoja, na kulikuwa na mazungumzo kuhusu ngazi ya zahanati. Mwishowe walikubaliana dawa ziandikwe na kituo cha afya, zitolewe na zahanati.

Machi iliyopita walitoa vidonge vya miezi mitatu kwa mkupuo, kabla barabara haijaharibika. Binti wa bibi alikuja na daftari lile lile, kurasa zimebaki chache. Jirani naye aliandikwa, na sasa ana vya kwake. Kitongoji cha juu kabisa, kilicho ng'ambo ya korongo, hakikuwa kwenye orodha kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda na maji, na watu wake hawasali kwenye kanisa lile. Tabibu anasema atawafuata mvua zikikatika. Balozi wao anasema wazee wake ni kama thelathini.